Kivinjari kimoja kwa mashine zote? Hesabu injini, usihesabu majina

Swali: Ofisi yetu ina kompyuta kama 25. Nyingi ni Windows 10 na 11, tatu bado ziko kwenye Windows 7, tuna Mac mbili na chache za Ubuntu. Pia tuna tovuti yenye fomu ya usajili. Malalamiko hayaishi: kwa wengine fomu inafunguka vizuri, kwa wengine ukurasa unabaki mweupe, hasa wenye iPhone. Nimewaambia wasakinishe Chrome, lakini kuna ambao haikuwasaidia kitu. Je, tuchague kivinjari kimoja kwa wote? Na tovuti ni lazima tuijaribu kwenye kila kivinjari kilichopo?

Jibu: Tuanze na hao wa iPhone, maana tatizo lao ndilo linalofungua mengine yote. Kumwambia mwenye iPhone asakinishe Chrome ni kumbadilishia mgonjwa shati huku homa iko palepale. Kwenye iPhone na iPad, Apple imezitaka programu zote za kuvinjari zitumie WebKit, injini ileile iliyo ndani ya Safari. Chrome ya huko ina alamisho na nywila za akaunti ya Google, lakini anayeusoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye skrini ni WebKit. Firefox na Edge za iPhone ni hivyohivyo. Sheria za Umoja wa Ulaya ziliilazimisha Apple kufungua mlango wa injini nyingine huko kuanzia iOS 17.4 ya Machi 2024, ila mtumiaji wa kawaida wa iPhone bado anavinjari kwa WebKit.

Na WebKit ya iPhone haisasishwi peke yake. Inakuja pamoja na iOS. iPhone 7 iliishia iOS 15. Mwenye simu hiyo hata akipakua vivinjari kumi, vyote vitakuwa na uwezo wa Safari 15.

Sasa uone jinsi hilo linavyozaa ukurasa mweupe. Tuseme fomu yako inakagua namba ya simu kwa ruwaza hii: `/(?<=\+)\d+/`, yaani "chukua tarakimu zilizotanguliwa na alama ya kujumlisha". Chrome inauelewa mtindo huo wa `(?<=` tangu 2017. Safari iliuelewa kwenye toleo la 16.4, Machi 2023. Injini ya JavaScript hulipitia faili kwanza kukagua sarufi kabla ya kutekeleza hata mstari mmoja. Safari 15 ikifika kwenye mabano hayo inaandika kwenye konsoli (dirisha la makosa la kivinjari) `SyntaxError: Invalid regular expression: invalid group specifier name` na kulikataa faili zima. Kama faili hilo ndilo linaloichora fomu, mtumiaji anabaki anatazama weupe. Haijalishi kwamba ruwaza ile iko ndani ya kazi (function) ambayo ingeitwa mwishoni kabisa, mtu anapobonyeza "Tuma". Dawa ni kuandika `/\+(\d+)/` na kuchukua kilichonaswa kwenye mabano. Matokeo ni yaleyale, na kila kivinjari kinaielewa.

Sina uhakika kwamba kosa lako ni hilo hasa, lakini ukurasa mweupe kwenye iPhone za zamani peke yake, huku kwingine kuko salama, karibu kila mara ni sarufi ya JavaScript ambayo WebKit ya simu hiyo haijaijua.

Injini ni tatu

Majina ya vivinjari ni mengi, injini zinazobeba mzigo ni tatu. Blink iko ndani ya Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet. Gecko iko ndani ya Firefox. WebKit iko ndani ya Safari, na ndani ya kila kitu kwenye iPhone. Blink yenyewe ilichipuka kutoka WebKit mwaka 2013, na Edge ilihamia Blink Januari 2020. Kwa hiyo ofisi yenye Chrome, Brave na Opera kwenye kila mashine haina vivinjari vitatu. Ina kimoja kilichovalishwa nguo tatu. Ukurasa ukivunjika kwenye kimoja, tarajia kuvunjika kwenye vyote.

Lakini kujua injini ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni umri wake, na umri huo unaamuliwa na mfumo endeshi kuliko mtumiaji. Chrome na Firefox hutoa toleo jipya takriban kila wiki nne na kujisasisha zenyewe, mpaka siku mfumo endeshi unapoachwa. Hapo zinaganda kimyakimya. Chrome ya mwisho kwa Windows 7, 8 na 8.1 ni 109, ya Januari 2023. Kwa macOS 10.15 ni 128. Kwenye simu, Android 6 iliishia Chrome 106, Android 7 ikaishia 119, na Android 8 na 9 zikaishia 138. Mtumiaji atakuapia kwamba "Chrome yangu inajisasisha yenyewe", na hasemi uongo: ilikuwa inajisasisha. Usibishane naye, mwombe afungue `chrome://version` akusomee namba ya juu kabisa.

Safari ina tabia yake. Kwenye Mac, toleo jipya hutolewa kwa macOS ya sasa na mbili zilizotangulia, basi. Mac nzima kabisa, yenye kioo safi na betri nzuri, inaweza kuwa na Safari ya miaka minne iliyopita. Safari ya Windows nayo iliachwa mwaka 2012 kwenye 5.1.7; ukiikuta kwenye mashine yoyote, iondoe, na usiitumie kujaribia tovuti kwa sababu haifanani na Safari ya leo hata kidogo.

Mashine za ofisini

Kivinjari kimoja kwa wote? Hapana. Weka viwili vyenye injini tofauti kwenye kila kompyuta: kimoja cha Blink kiwe cha kazi za kila siku, na Firefox iwe ya akiba. Faida ya kwanza ni kwamba sasisho baya likitoka asubuhi, kazi haisimami. Faida ya pili ni uchunguzi. Kosa likitokea kwenye vyote viwili, tafuta kwenye seva, mtandao au akaunti. Likitokea kwenye kimoja tu, tatizo liko ndani ya kivinjari hicho au tovuti haikujaribiwa humo. Swali la nusu saa linajibiwa kwa dakika mbili.

Kati ya Chrome na Edge, kwa ofisi yenye Windows nyingi mimi ningechagua Edge. Tayari imo ndani ya Windows 10 na 11, inapatikana pia kwa macOS na Linux, na ina kitu ambacho Chrome haina: hali ya Internet Explorer, inayofungua kurasa zilizojengwa kwa kivinjari hicho cha zamani. Internet Explorer 11 ilistaafishwa Juni 15, 2022, lakini mifumo ya ndani iliyojengwa juu yake haikufa siku hiyo. Microsoft imeahidi kuitunza hali hiyo ndani ya Edge hadi angalau 2029. Angalizo: mtumiaji akiiwasha mwenyewe, ukurasa hubaki kwenye orodha kwa siku 30 tu, kisha anakuja kwako kulalamika kwamba mfumo "umeharibika tena". Ofisini, weka orodha ya kurasa hizo kupitia sera, yaani mipangilio inayowekwa na msimamizi, ili isiishe muda. Na inafanya kazi kwenye Windows pekee, kwa hiyo wenye Mac na Ubuntu msiwape kazi inayotegemea mfumo wa aina hiyo.

Kama hamna mfumo wa namna hiyo, na wengi tayari wana akaunti za Google kwenye simu zao, Chrome inafaa sawasawa. Hapo usawazishaji wa nywila na alamisho una uzito kuliko kasi. Tofauti ya kasi kati ya ndugu wa Blink mtumiaji haioni.

Viendelezi (extensions) ni jambo jingine. Chrome imeachana na mfumo wa zamani wa viendelezi, Manifest V2, na pamoja nao uBlock Origin kamili, kizuia matangazo. Firefox bado inavikubali. Upande wa pili, WebUSB na Web Bluetooth, njia za ukurasa wa wavuti kuzungumza na vifaa, ziko kwenye jamii ya Blink; Mozilla na Apple walizikataa kwa sababu za usalama. Kama mna kifaa kinachosanidiwa moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa wa wavuti kupitia waya wa USB, msihangaike kukijaribu kwenye Firefox au Safari.

Zile tatu za Windows 7 ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko zote. Mfumo wenyewe uliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama Januari 14, 2020. Chrome 109 iliyomo humo haizibwi matundu tena. Iondoe na uweke Firefox 115 ESR, toleo la muda mrefu ambalo Mozilla imelitunza kwa ajili ya Windows 7, 8 na macOS za zamani, na tarehe yake ya mwisho imesogezwa zaidi ya mara moja. Hilo ni bandeji tu. Kama kompyuta hizo zina kumbukumbu ya GB 4 au zaidi na prosesa ya biti 64, Linux nyepesi itazipa kivinjari cha leo bila kununua kitu. Za biti 32 zisiwekewe matumaini, kwani Chrome iliiacha Linux ya biti 32 tangu Machi 2016.

Windows 10 ilimaliza muda wake Oktoba 14, 2025, lakini kwa upande wa vivinjari msiwe na haraka kupita kiasi: Microsoft imetangaza kuendelea kusasisha Edge kwenye Windows 10 22H2 hadi angalau Oktoba 2028. Kivinjari kipya juu ya mfumo usiozibwa matundu bado ni mlango mpya kwenye ukuta wenye nyufa, lakini angalau tovuti zitafunguka.

Mac zenu, angalieni namba ya macOS. Kama moja imekwama kwenye 10.15, Firefox 140 ESR inaikubali, wakati Chrome ya mwisho huko ni ile 128.

Kwenye Ubuntu, kuanzia 22.04 Firefox inakuja kama kifurushi cha snap, na Chromium vilevile. Snap imefungiwa: haioni folda zilizofichwa zenye nukta mwanzoni, wala `/tmp` ya mfumo. Mtumiaji anaambatisha faili kwenye barua pepe, folda inaonekana tupu, anadhani faili limepotea. Mwambie alihamishie kwenye folda yake ya nyaraka, au weka Firefox ya kifurushi cha deb kutoka kwenye hazina ya Mozilla. Pia Chromium tupu kwa kawaida haina Widevine, ile sehemu inayofungua video zilizolindwa. Mtu akilalamika kwamba video za malipo hazichezi, hapo ndipo pa kuanzia.

Mipangilio ya pamoja usiiweke kwa mkono mashine moja moja. Edge na Chrome hupokea sera kwa Sera za Kundi kwenye Windows, kwa wasifu wa usanidi kwenye Mac, na kwa faili la JSON kwenye `/etc/opt/chrome/policies/managed/` kwa Chrome ya Linux. Firefox husoma `policies.json` kwenye folda ya `distribution` mahali ilikosakinishwa, au `/etc/firefox/policies` kwenye Linux. Ukimaliza, fungua `chrome://policy`, `edge://policy` au `about:policies` uhakikishe imepokelewa. Alama moja ya nukuu iliyosahaulika kwenye JSON inatosha faili lote lipuuzwe, bila mtumiaji kuonyeshwa onyo lolote.

Tovuti yenu

Huku kanuni ni tofauti, kwa sababu mgeni wa tovuti humchagulii kivinjari. Huhitaji kujaribu kila kilichopo. Jaribu injini tatu, kwa umri mbili: ya sasa, na ya zamani kabisa mnayokubali kuihudumia. Kwa mchanganyiko uliouelezea, mstari wangu ungekuwa Chrome 109, Firefox 115 na Safari 15 kwa Mac na iPhone. Uandike kwenye faili la Browserslist la mradi, yaani orodha ya vivinjari mnavyovihudumia:

```
chrome >= 109
edge >= 109
firefox >= 115
safari >= 15
ios_saf >= 15
```

Babel na Autoprefixer husoma orodha hiyo na kutafsiri msimbo wenu mpya uwe wa zamani. Ila jueni mipaka yake. Babel inatafsiri sarufi, mfano `?.` kuwa masharti ya kawaida. Kazi zisizokuwepo kabisa kwenye kivinjari cha zamani, kama `.at()` ya safu kwenye Safari 15.3 na chini yake, zinahitaji kiraka cha core-js, maktaba inayojazia kazi zinazokosekana. Na ile ruwaza ya `(?<=` hakuna kati ya hivyo viwili inayoitibu; inabidi uibadilishe wewe mwenyewe. Ndiyo maana miradi mingi inapita majaribio yote kisha inaangukia kwenye iPhone ya mteja.

Kabla ya kukubali mstari huo, angalia wageni wenu halisi, lakini angalia kwenye kumbukumbu za seva, si kwenye takwimu zinazokusanywa na JavaScript. Kivinjari ambacho JavaScript yake imekufa hakitumi takwimu. Wale hasa wanaoona ukurasa mweupe ndio wasioonekana kwenye ripoti, na ripoti itakwambia kwa furaha kwamba hakuna anayetumia Safari ya zamani.

Hata hivyo, usisome zaidi ya kinachosemwa humo. Chrome hujitambulisha kama "Windows NT 10.0" hata ikiwa kwenye Windows 11. Kwenye Android hujiita "Android 10; K" kwa simu zote, na kwenye Mac hubaki "10_15_7". iPad nayo, tangu iPadOS 13 ya 2019, hujitambulisha kama Mac. Kwa sababu hiyohiyo, msimbo unaosema "kama ni Safari fanya hivi" ufutwe. Uliza uwezo, usiulize jina: `@supports` kwa CSS, na `'PushManager' in window` au mfano wa hiyo kwa JavaScript.

Mambo mengine yanayouma mara kwa mara kwenye fomu: iOS hukuza ukurasa mtu akigusa kisanduku chenye fonti chini ya pikseli 16, kwa hiyo weka 16 au zaidi. Urefu wa `100vh` kwenye simu hupita nyuma ya upau wa kivinjari na kukificha kitufe cha "Tuma". Tumia `100dvh`, na juu yake uache `100vh` kwa ajili ya zilizo chini ya Safari 15.4 na Chrome 108. Tarehe iliyoandikwa `"2024-03-05 10:00"` yenye nafasi katikati, Chrome huisoma, Safari nyingi za zamani husema `Invalid Date`. Weka herufi T mahali pa nafasi.

Kama fomu imepachikwa kutoka tovuti nyingine ndani ya fremu, tatizo linaweza kuwa vidakuzi (cookies). Safari huzuia vidakuzi vyote vya tovuti ya tatu tangu Machi 2020, na Firefox imeviwekea kila tovuti kasha lake kwa watumiaji wote tangu Juni 2022. Chrome inavipitisha. Dalili yake: mtu anaingia, anaambiwa amefanikiwa, kisha anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Fungueni fomu hiyo kwenye kichupo chake badala ya fremu.

Na wenye Android 6 kurudi nyuma wanaoambiwa "muunganisho si salama" ingawa cheti chenu ni kizima? Kama cheti ni cha Let's Encrypt, simu hizo haziujui mzizi wake mpya, yaani cheti mama ambacho vingine huaminiwa kupitia kwake. Daraja lililokuwa likizisaidia, yaani sahihi ya mzizi wa zamani juu ya huo mpya, liliisha Septemba 30, 2024. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya mizizi ya vyeti, hivyo Firefox inayokubali kwenye simu hiyo mara nyingi itafungua. Hapa, kwa mara moja, ushauri wa "badilisha kivinjari" ni wa kweli.

Kujaribu bila kununua rafu ya simu: Playwright, programu ya kujaribia tovuti, ina WebKit inayokimbia hata kwenye Windows na Linux. Itakukamatia mengi, lakini si Safari yenyewe. Kibodi ya skrini, upau unaojificha na video hutaziona humo. Hapo unahitaji iPhone moja halisi, na ya zamani ni bora kuliko mpya. Washa Web Inspector kwenye mipangilio ya Safari ya simu, iunganishe kwa waya na mojawapo ya Mac zenu, kisha fungua menyu ya Develop kwenye Safari ya Mac: konsoli ya simu itaonekana kwenye skrini kubwa, na lile kosa litakuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu. Kwa Android, washa utatuzi wa USB kwenye simu na ufungue `chrome://inspect` kwenye kompyuta yoyote.

Mtu akipiga simu kulalamika

Usianze na "futa historia yote". Utamfutia nywila na vikao vya kazi, na utakuwa umefuta ushahidi. Uliza mfumo endeshi na namba ya toleo. Mwambie afungue dirisha la faragha: ukurasa ukifunguka vizuri humo, mkosaji ni kiendelezi au data ya zamani. Zima viendelezi vyote, kisha viwashe kimoja kimoja. Kwenye Firefox, kushikilia Shift wakati wa kuifungua, au Option kwenye Mac, huileta hali ya utatuzi bila viendelezi. Kama si viendelezi, futa data ya tovuti hiyo moja kupitia alama iliyo kando ya anwani. Onyo la cheti lenye `ERR_CERT_DATE_INVALID` kwenye mashine moja tu ni saa ya kompyuta iliyorudi nyuma, mara nyingi kwa sababu betri ndogo ya bodi imekufa. Skrini nyeusi au inayometameta ni kadi ya picha. Zima uharakishaji wa maunzi kwenye mipangilio na uwashe kivinjari upya. Yote hayo yakishindwa, mwombe afungue ukurasa uleule kwenye ile Firefox ya akiba, na aandike saa na dakika aliyojaribu ili uitafute kwenye kumbukumbu za seva.